Dakika kumi mbele ya kikao: namna ya kuandaa na kutoa wasilisho kazini

Wengi wanaosema "mimi kuongea mbele za watu siwezi" huongea vizuri tu kwenye daladala, sokoni na kwenye kikao cha kamati ya harusi. Kazini kinachowaangusha ni kingine: wanasimama kabla hawajaamua wanataka kikao kifanye nini, wanasoma slaidi neno kwa neno, na muda unaisha hoja yenyewe ikiwa bado njiani. Mwongozo huu unahusu wasilisho la kawaida la ofisini, lile la dakika kumi mbele ya menejimenti, bodi, wafadhili au wakuu wa idara. Hilo ndilo linalojirudia, na ndilo wakubwa hulikumbuka nafasi ya cheo inapotokea. Hotuba za jukwaani ni habari nyingine.

Anza na ombi, historia baadaye

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua kalamu na ukamilishe sentensi hii: "Nataka kikao…" Kiidhinishe nini? Kichague kati ya nini na nini? Kiahirishe nini? Ukishindwa kuimalizia, bado huna wasilisho. Una taarifa, na taarifa inaweza kutumwa kwa barua pepe bila kuwapotezea watu kumi na wawili asubuhi yao.

Tuchukue mfano wa ofisa usafirishaji wa kampuni inayosambaza vinywaji kwa malori matano. Mara nyingi mtu wa nafasi hiyo angeanza hivi:

"Ndugu mwenyekiti, idara ya usafirishaji ilianzishwa kwa lengo la kuhakikisha bidhaa zinawafikia wateja kwa wakati. Katika robo hii ya mwaka idara imekumbana na changamoto mbalimbali, ikiwemo uchakavu wa vitendea kazi, na imejitahidi kukabiliana nazo kwa kadiri ya uwezo wake…"

Nusu dakika imekwenda na hakuna aliyejua anachotakiwa kufanya. "Changamoto mbalimbali" na "vitendea kazi" ni maneno ya kujifichia: hayataji lori, hayataji fedha, hayataji siku. Sasa maneno yaleyale yakigeuzwa:

"Ndugu mwenyekiti, naomba kikao kiidhinishe tuuze malori mawili kati ya matano tuliyonayo, na tukodi mawili kwa miezi sita. Hayo mawili yamekula shilingi milioni 18 za matengenezo ndani ya miezi mitatu, na hata hivyo yamelala gereji siku 31 kwa jumla. Nina sababu mbili, kisha nitaonyesha gharama ya kila njia."

Msikilizaji ameshajua ombi, ukubwa wa tatizo na ramani ya dakika zinazobaki. Hata mkurugenzi akiitwa nje kupokea simu, ameondoka na jambo lenyewe.

Hoja ziwe mbili au tatu. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978, alisimamia mambo matatu tu: sababu, uwezo na nia, kila moja katika sentensi fupi yenye umbo lilelile. Waliosikia wanazikumbuka mpaka leo. Ukiwa na hoja saba, chagua tatu zenye nguvu. Nne zinazobaki ziweke kwenye karatasi ya nyongeza, utazihitaji kwenye maswali.

Kila hoja ipe vitu vitatu: unachodai, ushahidi mmoja, na maana yake kwa waliokaa mbele yako. Hiki cha tatu ndicho husahaulika. "Malori yamelala siku 31" ni ushahidi. "Siku hizo wateja wa Mbagala walinunua kwa mshindani" ndiyo maana yake kwa meneja wa mauzo. Mhasibu naye anataka kusikia hilo kwa shilingi.

Itifaki

Kwenye kikao cha ndani, "Ndugu mwenyekiti, wajumbe, habari za asubuhi" inatosha. Shughuli yenye mgeni rasmi inataka maandalizi: pata orodha ya meza kuu kutoka kwa mshereheshaji nusu saa kabla, uliza majina yanavyotamkwa, na hakikisha nani ni Daktari, nani Mhandisi, nani Mheshimiwa. Anza na mkubwa kuliko wote, shuka, ukome ndani ya sekunde thelathini. Kosa linalouma ni kutaja watu saba kwa majina kisha kumruka wa nane aliyekaa katikati yao. Kama huna uhakika na orodha, mtaje mgeni rasmi na mwenyeji wake, waliobaki wataje kwa makundi. Na kama waliokutangulia wameshaipanga vizuri, "itifaki imezingatiwa" inatosha, hakuna atakayenuna. Wengi watakushukuru.

Dakika kumi huwa hazifiki kumi

Ratiba zetu huchelewa. Mwenyekiti amefika saa nne badala ya saa tatu, aliyekutangulia amekula robo saa ya ziada, na wewe unanong'onezewa: "Fupisha, una dakika nne." Anayekimbiza slaidi ishirini kwa dakika nne haeleweki hata kidogo, maana anapunguza muda bila kupunguza maneno.

Kwa hiyo andaa namna tatu za wasilisho hilohilo. Ya dakika kumi iandae iwe nane, kwa kuwa mbele ya watu utasita, utakohoa, utasubiri projekta. Ya dakika nne ina ombi, hoja moja yenye nguvu kuliko zote, gharama, na ombi tena. Ya dakika moja ni ile sentensi ya kwanza, takwimu moja na tarehe ya uamuzi. Hii ya dakika moja ndiyo utakayoitumia pia ukikutana na mkurugenzi kwenye lifti.

Miongozo ya Kiingereza hupendekeza maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Usiyachukue hivyohivyo. Neno moja letu kama "hatukuwaambia" linabeba sentensi nzima ya Kiingereza, kwa hiyo hesabu hiyo itakufanya uongee mbio. Soma ukurasa wako kwa sauti, kwa mwendo wa kumweleza mtu mzima aliyekaa upande wa pili wa meza, simamisha saa dakika ya kwanza inapoisha, na uhesabu maneno uliyoyafikia. Hicho ndicho kipimo chako. Zidisha kwa nane.

Mazoezi ni ya kusimama na kutoa sauti

Kusoma kimyakimya ukiwa umekaa hakuhesabiki kama mazoezi. Ulimi haujapita kwenye maneno, na sentensi iliyoonekana nzuri kwenye karatasi hukatika pumzi katikati. Ukikwama mara mbili kwenye sentensi ileile, ivunje.

Fanya raundi tatu, siku tofauti ikiwezekana. Ya kwanza ukiwa na karatasi, simu ikirekodi sauti. Sikiliza mwendo na vijazo: "yaani", "eeh", "kwa hiyo", "kimsingi", "nini hii". Kila mtu ana chake na hakisikii mpaka arekodiwe. Weka alama ya mstari kila kinapotokea. Dawa yake ni kufunga mdomo. "Eeh" haiwezi kutoka midomo ikiwa imefungwa. Vuta pumzi kwa pua, subiri sekunde mbili, endelea. Kwako zitaonekana kama dakika nzima. Kwa wasikilizaji ni mtu anayefikiri kabla ya kusema.

Raundi ya pili rekodi video, kisha iangalie bila sauti. Utaona mkono uliokwama mfukoni, kuyumba kulia na kushoto, macho yaliyoganda kwenye slaidi. Rekebisha kimoja tu. Anayejaribu kurekebisha vinne kwa mpigo huonekana kama anafuata maelekezo ya gwaride.

Raundi ya tatu iwe mbele ya mtu asiye wa idara yako. Usimwulize "nimeongeaje?", atakwambia "vizuri". Mwulize: "Nimeomba nini? Kwa sababu gani?" Akikosea, tatizo liko kwenye wasilisho.

Usikariri lote. Anayekariri neno kwa neno akisahau moja hupoteza na yanayofuata, kwa sababu kila neno lilikuwa linashikilia lenzake. Kariri sekunde sitini za mwanzo, ambazo hofu huwa kali zaidi, na sentensi ya mwisho. Katikati bebea maneno ya kukumbusha, matano au sita, kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa bahasha ndogo. Karatasi ya A4 usiishike mkononi: ni pana na nyepesi, kila mtetemeko wa vidole hukuzwa ukaonekana mpaka nyuma, na ukiuona wewe mwenyewe unazidi kutetemeka.

Jambo dogo kwa wale ambao r na l hubadilishana mdomoni: hakuna haja ya kujifunza lafudhi ya mtu mwingine. Pitia tu maneno yanayobeba uamuzi. Kwenye kikao cha bodi "kura" ikisikika "kula", watu watacheka, na utahitaji dakika moja kuwarudisha.

Hofu

Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na viganja kutoka jasho ni kazi ya adrenalini, na haiondoki kwa kuambiwa "jiamini". Inapungua kwa vitu vinavyoshikika. Fika dakika ishirini kabla, simama pale utakaposimama, tazama viti vikiwa vitupu. Salimiana na watu watatu; ukianza kuongea utakuwa na nyuso tatu unazozijua. Ukiwa umekaa ukisubiri kuitwa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne tumbo litanuke, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane, mara tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza mapigo. Ukivuta tu bila kuitoa vizuri utapata kizunguzungu.

Maji yasiwe ya baridi kali, na unywe funda dogo. Soda iache: gesi itarudi kwenye sentensi ya pili. Na chai ya tatu asubuhi hiyo inaongeza mtetemeko ulionao tayari.

Ukifika mbele, usianze kuongea ukiwa bado unatembea. Simama, miguu iachane kwa upana wa mabega, tazama watu, pumua mara moja, ndipo useme. Wengi huanza kwa "samahani, sikujiandaa sana" au "mtanivumilia, sauti yangu siyo nzuri". Hapo umewapa kazi ya kutafuta kasoro, na wataipata.

Macho yagawe sehemu tatu za ukumbi. Maliza sentensi nzima ukimtazama mtu mmoja, kisha hamia upande mwingine. Kumkazia macho mgeni rasmi au bosi mwanzo hadi mwisho kunamchosha na kunawatenga wengine. Kutomtazama kabisa kunaonekana woga. Mtazame unapotaja ombi na unapotaja gharama.

Maiki na projekta

Maiki ya mkononi ishike sentimita tano hadi kumi kutoka mdomoni, imeinama kidogo ili pumzi ya "p" na "b" ipite pembeni badala ya kupiga ndani. Usifunike kichwa chake kwa kiganja kama wanavyofanya wanamuziki. Mlio ule wa kutoboa masikio hutokea sauti ya spika inaporudi kwenye maiki ikazunguka, na kukifunika kichwa kunarahisisha hilo. Ukisikia mlio, ondoka mbele ya spika na uisogeze maiki karibu zaidi na mdomo ili fundi apunguze sauti. Wengi huiweka mbali, fundi anaongeza sauti, mlio unarudi. Kuijaribu, sema sentensi yako ya kwanza kwa sauti utakayotumia. Kuipuliza na kuigongagonga hakumwonyeshi fundi chochote.

Slaidi tano au sita zinatosha dakika kumi. Kila moja iwe na wazo moja, maandishi yasiyopungua ukubwa wa 28, na kichwa cha habari kiwe sentensi kamili: "Malori mawili yanakula zaidi ya nusu ya bajeti ya matengenezo" ni bora kuliko "Hali ya matengenezo". Jedwali la Excel lenye mistari arobaini liache kwenye nyongeza. Kusema "najua hamwoni vizuri, lakini…" ni kukiri kwamba slaidi hiyo haikupaswa kuwepo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo:

- hifadhi faili mara mbili, ya PowerPoint na ya PDF, kwenye flashi na kwenye barua pepe yako;
- beba adapta, kwa sababu projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA na kompyuta mpya zina HDMI au USB-C;
- chapisha ukurasa mmoja wenye ombi, takwimu kuu na tarehe, nakala za wajumbe wote.

Ukurasa huo ndio utakaokuokoa umeme ukikatika. Ugawe, endelea kuongea, usimsubiri mtu wa jenereta. Ukiunganisha kompyuta na picha isitokee, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha uchague kurudufisha skrini. F5 huanzisha slaidi kutoka mwanzo, Shift na F5 huanzia ulipo. Kitufe B huzima picha kwa muda, na hiki kitumie unapotaja ombi: watu wakikosa cha kusoma watakutazama wewe.

Kama kikao ni cha mtandaoni, inua kamera ifike usawa wa macho hata kwa kuweka vitabu chini ya kompyuta, kaa ukitazama dirisha badala ya kuligeuzia mgongo, na uwe na bando la simu kama akiba. Sauti ikikatika watu huvumilia mara moja. Kwa hiyo taja ombi mwanzoni na mwishoni.

Takwimu kwa mdomo

Namba inayosomeka vizuri inaweza kusikika vibaya. "Elfu mia mbili" ni 200,000; "elfu na mia mbili" ni 1,200, na kinachozitenganisha ni "na" moja ambayo maiki mbovu huimeza. Sema "laki mbili", au iandike kwenye slaidi wakati unaitamka. Desimali zipunguze: "asilimia kumi na mbili nukta saba tatu" iwe "karibu asilimia kumi na tatu", takwimu kamili ikae kwenye karatasi. Saa nazo zinaleta balaa pale kikao kinapochanganya lugha. Anayefikiria kwa Kiingereza akisikia "saa tisa" anaweza kuja asubuhi. Taja "saa tisa alasiri" na uandike 15:00.

Kuchanganya lugha kwenyewe hakuna ubaya, ndivyo ofisi zetu zinavyoongea. Ubaya ni kubadili jina la kitu kilekile: dakika ya pili "mapato ghafi", ya tano "mauzo", ya saba neno la Kiingereza. Msikilizaji anadhani ni vitu vitatu. Chagua jina moja ubaki nalo.

Maswali

Hapa ndipo watu hupimwa kweli, na hapa ndipo maandalizi huwa haba. Andika maswali kumi unayoyaogopa, majibu ya mstari mmoja mmoja. Lazima liwepo la fedha ("tukikataa itakuwaje?") na la yule mjumbe anayepinga kila kitu.

Mwenyekiti akisema "tupokee maswali matatu matatu", kalamu iwe tayari: jina la aliyeuliza na neno moja la swali lake. Bila hivyo utajibu la mwisho vizuri na kusahau la kwanza, na aliyeuliza la kwanza ataona umemkwepa. Yanayofanana yajibu pamoja ukiwataja wote.

Jibu lianze na jibu: "Ndiyo, tutaokoa fedha, kuanzia mwezi wa nne." Maelezo yafuate. Anayeanza na maelezo huonekana anatafuta mlango wa kutokea. Usichokijua kiahidi kwa saa: "Takwimu hiyo sinayo hapa, nitaituma kwa wajumbe leo kabla ya saa kumi jioni." Kisha itume saa nane.

Kuna "swali" ambalo ni hotuba ya dakika tano. Sikiliza mpaka mwisho, chukua sehemu inayogusa ombi lako, ijibu kwa sentensi mbili, mshukuru. Usikijibu kila kipande. Kwa swali la kejeli shusha sauti na punguza mwendo, na ujibu lile la msingi lililofichwa ndani yake. Ukimjibu mkubwa kwa kejeli mbele ya watu, hata ukiwa sahihi umepoteza ombi.

Pa kujizoezea

Wasilisho la robo mwaka huja mara nne tu, halitoshi kukunoa. Jitolee kusoma yatokanayo na kikao kilichopita, kutoa neno la shukrani, kuongoza utambulisho wa wageni. Kamati ya harusi ni shule nzuri kuliko watu wanavyodhani: pale unaomba fedha kwa watu waliochoka, saa moja usiku, na kila mmoja ana maoni.

Vilabu vya Toastmasters vya kujizoeza kuongea mbele za watu, utaratibu ulioanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, vipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Vingi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini utaratibu wake unaigika popote: hotuba ya dakika tano hadi saba, taa ya kijani ikiwaka dakika ya tano, ya njano ya sita, nyekundu ya saba, mtu mmoja anahesabu vijazo, mwingine anatoa tathmini. Kuna pia zoezi la kupewa mada papo hapo na kuiongelea dakika moja hadi mbili. Wafanyakazi wanne, chumba cha mapumziko, Ijumaa mchana na saa ya simu vinatosha kulifanya.

Baada ya wasilisho halisi, kabla ya kulala, andika mistari mitatu: ombi lilijibiwaje, swali lipi lilikukuta hujajiandaa, na muda uliotumia kwa dakika. Swali hilo liingie kwenye orodha ya kumi ya safari ijayo. Asubuhi inayofuata tuma ule ukurasa mmoja kwa wajumbe, juu yake ukiandika uamuzi uliofikiwa, nani anafanya nini, na lini.